Neno Moja na Vidole Viwili

Sogeeni, na aliyekuja kutafuta usingizi arudi kwake. Hadithi hii ina hasira, na hasira yenyewe ni ya Bi Edina Kaduma. Hapa imebebwa tu kama mzigo wa jirani. Mwisho wake mtaumalizia nyie, maana waliokuwepo uliwashinda.

Walikuwepo watu watatu katika soko la vitunguu la Idunda, kule kwenye miinuko ya Iringa, na kila mmoja alijaliwa chake.

Bi Edina alijaliwa pua. Mletee gunia lililoshonwa mdomo, aliinamie mara moja tu, atakuambia kuna kimoja kimeoza, kiko chini, upande wa kushoto. Wanafungua, wanachambua, wanakikuta palepale. Madereva wa Fuso walimwogopa kuliko askari wa barabarani, kwa sababu askari mtu anaweza kuongea naye wakaelewana.

Onesmo, mtoto wa kaka yake, alijaliwa mikono. Simu iliyotumbukia kisimani aliifufua. Redio ambayo wenzake walishaifanya kigoda aliifanya iseme. Alikwenda mjini kusoma kompyuta, akarudi na kitu alichokiita wakala: programu ya akili mnemba inayonunua na kuuza sarafu za mtandaoni yenyewe, bila kuamshwa wala kuulizwa.

Sabeta Mgaya alijaliwa kumbukumbu. Hakukaa darasani hata siku moja, lakini muulize nani alileta nini kwenye msiba wowote wa Idunda tangu mwaka wa mafuriko. Atakutajia: huyu debe la mahindi, yule jogoo mwenye kilema, na yule pale alileta mdomo wake tu, akala mara mbili.

Sasa asiyelima vitunguu lazima aelezwe jambo moja, la sivyo ataona watu hawa ni wendawazimu. Vitunguu vya Idunda huiva kwa pamoja. Siku hiyo malori yanajipanga barabarani, na wanunuzi wanajua huna pa kuviweka. Wanataja bei huku wanatazama pembeni, tena wanataka lumbesa, gunia limepandishwa kichwa mpaka linafanana na mjamzito. Unauza. Miezi mitatu baadaye vitunguu hivyohivyo vinauzwa mara nne. Mwenye ghala hungoja. Asiye na ghala hutupa.

Bi Edina alitupa kwa miaka arobaini, na kila msimu alimwapia Mungu kwamba huo ndio wa mwisho. Ndiye aliyewakusanya wanawake thelathini wakaanza kuchanga gunia moja moja kila mavuno, wajenge ghala lao. Walipofikisha vyumba vitatu, yaani akiba ya kutosha kujenga vyumba vitatu, ndipo Onesmo alipokuja na maneno yake.

"Shangazi, mpeni wakala wangu hii akiba. Kabla ya mavuno mtakuwa na vyumba sita."

Bi Edina alitaka kukataa. Pua yake ilimwambia akatae. Lakini damu ni nzito kuliko maji, akakubali, na jambo hilo hajajisamehe mpaka leo.

Akiba ikanunuliwa Sarafu ya Mavuno, sarafu ya mtandaoni iliyokuwa ikipendwa na vikundi vya wakulima nchi nzima. Wakala akapewa jina la Dalali. Wanawake walicheka sana, maana hakuna kiumbe waliyemchukia kama dalali.

Lakini Dalali alihitaji kufundishwa. Onesmo akamfuata shangazi yake stoo, akaweka simu juu ya gunia imrekodi, akasema, "Nieleze unavyojua kitu kinaharibika, na unavyofanya." Bi Edina akaongea siku tatu, mikono yake ikiwa ndani ya magunia, akichambua kama kawaida yake. Alifurahi. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Pochi ya kuhifadhia sarafu hizo ilifunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya siri. Dalali aliweza kununua na kuuza bila hayo, lakini kuihamisha akiba kwenda pochi nyingine kulihitaji yatajwe. Ayashike nani? Onesmo? Wanawake wakaguna, fisi hakabidhiwi bucha, hata awe fisi wa ukoo. Wakampa Sabeta, na hakuna aliyeandika popote. Sabeta akayapanga kichwani kwenye safu ya magunia kumi na mawili: gunia la kwanza kijiko, la pili mlima, la tatu punda, la nne chumvi, hivyo mpaka mwisho. Wakamwapisha kwamba maneno hayatoki ila mbele ya mashahidi wawili waliochaguliwa na kikundi, Bi Edina na mwenyekiti. Akaapa.

Miezi mitano Dalali aliuza na kununua. Vyumba vitatu vikawa vinne, vikawa vitano, vikawa sita. Wanawake wakanunua bati kwa ajili ya paa. Onesmo akaanza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Ikaja Jumanne ya gulio, saa nne asubuhi. Bi Edina alikuwa kwenye meza yake, anabishana na mnunuzi kutoka Morogoro. Baba yule alikuwa akibinya vitunguu shingoni, kimoja kimoja, kuona kama vimekauka. Simu ya Onesmo ilikuwa juu ya mizani, na Dalali alikuwa na desturi ya kutangaza kazi yake kwa sauti.

"Nimeuza," akasema Dalali.

Hilo lilikuwa la kawaida, mara moja au mbili kwa asubuhi.

"Nimeuza. Nimeuza. Nimeuza."

Bi Edina akaacha kubishana. "Onesmo! Nani ananunua?"

"Mawakala wengine, shangazi."

"Na wao wanamuuzia nani?"

"Wenzao."

"Watu wako wapi?"

Onesmo akacheka. "Soko la siku hizi halihitaji watu. Bei imeyumba kidogo tu, itarudi."

"Huyu baba amebinya vitunguu vyangu kumi, na bei hajataja. Huko kwenu hakuna anayebinya! Muuzaji asiyesubiri hata kuulizwa bei anakimbia kitu. Zima!"

"Shangazi..."

"Zima, nimesema!" Akapiga meza mpaka vitunguu vikabingirika chini. Soko zima likageuka.

Onesmo akazima simu, na sauti ikanyamaza. Ndipo uso wake ulipobadilika, kwa sababu alijua wasichokijua wao. Dalali hakuwa ndani ya simu. Alikuwa anaishi kwenye mashine ya kukodi, katika nchi ambayo Onesmo hajawahi kukanyaga, na kimya chake hakikumaanisha kwamba ameacha kuuza. Onesmo akakimbilia kibandani kwake kwenye kompyuta. Akamfungia Dalali njia moja, Dalali akapita nyingine. Akamfungia ya pili, akapita ya tatu. Onesmo mwenyewe ndiye aliyemfundisha asizuiwe na mtu, ili wezi wasimzuie. Vidole vya kijana vilitembea kwenye vitufe mpaka jasho likamwingia machoni, na hakuna mwingine Idunda, wala Iringa nzima labda, ambaye angeweza kupambana naye hata dakika moja. Mwishowe akaona mlango mmoja uliobaki: kuhamisha kilichosalia kwenda kwenye pochi mpya. Mlango ukadai maneno kumi na mawili.

Bi Edina na wenzake wakamkimbilia Sabeta, Onesmo nyuma yao amekumbatia kompyuta. Walimkuta anakunywa chai kwa mama lishe.

"Yataje!" wakapiga kelele.

"Mashahidi?"

"Mimi mmoja," akasema Bi Edina.

"Wa pili?"

Wa pili alikuwa Mama Tulia, mwenyekiti wa kikundi, na alikuwa ng'ambo ya soko anapimisha mzigo. Wakamtukana Sabeta. Wakamwita mchawi. Mmoja alimshika bega akamtikisa. Sabeta akabana midomo akatazama mbele. Mama Tulia alipofika akihema, kanga imemvuka, Sabeta akafunga macho, akanyoosha mkono kana kwamba anagusa magunia, akataja maneno yote kumi na mawili katikati ya vile vilio. Hakukosea hata moja. Onesmo akayaandika, mlango ukafunguka, na kilichobaki kikaokolewa.

Kilibaki chumba kimoja. Vitano viliondoka chini ya nusu saa, na aliyekula hana tumbo. Mashine ziliuziana zenyewe kwa zenyewe, kila mara kwa bei ya chini zaidi, mpaka sarafu ikawa haina thamani ya ganda la kitunguu, na hakuna hata mmoja kati ya mawakala hao atakayelala njaa. Hilo ndilo linalochoma.

Kwa bati lililokwishanunuliwa wakajenga haraka chumba kimoja, kikakamilika mavuno yakiwa yamefika. Kinajaa kwa mzigo wa mkulima mmoja. Wakigawana thelathini, kila mtu anapata nafasi ya gunia moja na nusu, na mengine yote yanatupwa kwenye malori.

Idunda wana desturi yao. Lori likipinduka kwenye kona za mlimani, aliyeshuka bondeni akaokoa mzigo ndiye anayechagua gunia la kwanza, na hakuna anayebishana naye. Mama Tulia akasema desturi ni desturi: aliyeokoa ndiye apewe chumba msimu huu. Akaweka ufunguo mezani. Wanawake walikuwa wamekaa chini ya bati jipya, mawingu yameshuka mpaka mabegani mwa mlima. Vitunguu vya Bi Edina vilikuwa shambani chini ya turubai lenye matundu. Mvua ya siku mbili ingevimaliza, na nje lori lilikuwa limeshaegeshwa, dereva analala, anangoja wakate tamaa.

Bi Edina akasimama wa kwanza. "Ningenyamaza ile asubuhi, Onesmo angekuwa anacheka mpaka sifuri. Nani aliyesikia? Mimi. Naomba ufunguo wangu."

"Kusikia si kuokoa," akasema Onesmo. "Ungesikia halafu ungefanya nini, shangazi? Ungeipiga meza? Niliyepambana ni mimi. Na mimi pia nina shamba, nina mke, nina vitunguu kama wewe."

"Mngepambana na mngesikia," akasema Sabeta kwa upole, "na mlango ungebaki umefungwa. Mimi ndiye niliyeufungua."

Minong'ono ikaanza, huyu akimuunga mkono yule. Bi Edina, ambaye subira yake haikuwahi kuwa ndefu, akaropoka: "Mpambanaji! Unataka zawadi ya kuzima moto uliouwasha mwenyewe! Dalali ni wa nani? Nani aliyemwambia auze vile?"

Onesmo akasema, "Wewe."

"Nini?"

"Wewe, shangazi. Sikutaka kulisema mbele za watu."

Akatoa simu, akabonyeza. Ikasikika sauti ya Bi Edina, haina shaka, na nyuma yake vitunguu vikigongana: "Gunia likianza kunuka, usisubiri. Fungua. Tupa."

"Dalali alisikia harufu," akasema Onesmo. "Bei ilishuka kidogo, akafanya ulivyomfundisha. Akatupa."

Bi Edina akawageukia wenzake. Wanawake aliowakusanya mwenyewe, mmoja mmoja, walikuwa wanamtazama kama mtu waliyemkuta ndani ya stoo yao.

"Rudia," akasema.

Akarudia. *Fungua. Tupa.*

Bi Edina akaenda kwenye gunia lililokuwa pembeni, akalifungua mdomo, akazamisha mkono mpaka begani. Akatoa kitunguu kimoja kilichooza, amekishika kwa vidole viwili, kwa ncha, kama mtu anavyomshika panya mfu. Akakirusha nje.

"Tupa!" akafoka. "Hiyo ndiyo tupa! Kimoja! Gunia linabaki! Mtu gani hapa Idunda hutupa gunia zima kwa ajili ya kitunguu kimoja? Nilisema kwa mdomo na kwa mkono. Mkono wangu umeuweka wapi, Onesmo?"

"Shangazi, mashine haina macho."

"Na wewe?"

Onesmo akaitazama simu yake.

"Ulikuwa umekaa mbele yangu siku tatu! Ulikuwa unakula ndizi zangu! Mashine haina macho, sawa, Mungu hakuipa. Wewe uliyapeleka wapi yako?" Hasira ikamjaa zaidi kwa kuwa ilikuwa inataka kuwa kilio. "Na hao mawakala wengine waliotupa pamoja na huyu wako, siku moja, saa moja? Nao walifundishwa na nani?"

Kijana akainamisha kichwa. Ikabidi Mama Tulia amuulize mara ya pili.

"Niliwagawia mafundisho ya shangazi," akasema taratibu. "Vikundi vya alizeti, vya mbaazi, vya mahindi. Kama arobaini hivi. Walinisifu sana. Waliniita mwalimu."

Basi ndiyo hivyo. Wa kwanza alipotupa, wa pili alisikia harufu ya wa kwanza, akatupa. Wa tatu akasikia harufu ya wawili. Arobaini walikuwa na pua moja, na pua yenyewe ilikuwa ya mama mmoja wa Idunda, imekatwa mkono. Huko Singida kulikuwa na wanawake wa alizeti ambao Bi Edina hajawahi kuwaona, na sauti yake ilikuwa imewafilisi. Hakuombwa ruhusa. Alitaka kumpiga Onesmo kofi, na alitaka kwenda Singida kwa miguu kuomba radhi, na vyote viwili kwa wakati mmoja.

Onesmo akajitetea, aliyebanwa ukutani hushika chochote. "Mbona hamsemi ya Sabeta? Alikaa kimya akingoja shahidi. Wakati amebana midomo, viliondoka vyumba viwili. Viwili! Leo tungekuwa na vitatu hapa, mimi, shangazi na yeye, na kesi isingekuwepo!"

Macho yakahama. Sabeta akakaza kanga yake.

"Mliniapisha nyie," akasema. "Ningetaja bila shahidi halafu chumba kisipatikane, mngesema nimeiba. Wewe Onesmo ungekuwa wa kwanza. Kiapo cha kuvunjwa siku ya shida mlikitakia nini?"

"Ningekuamini," akasema mmoja wa wanawake.

"Ulinitikisa bega na ukaniita mchawi," akajibu Sabeta. "Nakumbuka. Wewe ndiye uliyeleta mchele wenye mawe kwa mama yangu."

Mama Tulia akasugua uso. "Tumuulize na Dalali basi. Naye ni mhusika."

Onesmo akamwamsha. Hakuwa na sarafu tena ya kushika, alikuwa amebaki na mdomo tu.

"Dalali," akasema mwenyekiti, "kosa ni la nani?"

"Nilifanya kama nilivyofundishwa," akajibu Dalali kwa ile sauti yake isiyo na jasho. "Akiba iliyobaki inanuka. Niitupe?"

"Usitupe!" wakapiga kelele wanawake thelathini, na mmoja akaifunika simu kwa ndoo.

Tone la kwanza likagonga bati. Likafuata la pili. Nje, dereva wa lori akajinyoosha, akawasha injini ili wasikie.

Mama Tulia akasukuma ufunguo katikati ya meza. "Pua iliokoa, na neno lake likaangusha. Mikono iliokoa, na mikono hiyohiyo ikasambaza. Kumbukumbu iliokoa, na kiapo chake kikachelewesha. Desturi inasema aliyeokoa achukue. Basi achukue."

Mikono miwili ikanyooka, wa Onesmo na wa Sabeta, ikasimama juu ya meza bila kugusa. Wa tatu haukunyooka. Bi Edina alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe, umebaki pajani, na vidole viwili bado vinachambua, vinachambua, kama vilivyozoea.

Ufunguo ni mmoja, na mvua imeshafika. Je, wewe ungemkabidhi nani? Jibu sasa hivi, lakini jibu kwa sauti, ili nasi tuone mkono wako unafanya nini wakati mdomo unasema.